Msikiti Mmoja, Sheria Tatu: Mahakama za Mkoloni na Ndoa na Mirathi za Waislamu wa Moshi na Arusha

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini usio mbali na hali ilivyokuwa. Ni Ijumaa mojawapo ya miaka ya 1930, msikitini, Moshi mjini. Katika safu moja wamesimama wanaume watatu bega kwa bega. Wa kwanza ni Mchaga aliyeteremka asubuhi kutoka mlimani. Baba yake alisilimishwa na wafanyabiashara wa misafara ya pwani. Wa pili ni Mmemoni mwenye duka la nguo, wazee wake walitoka Kachi huko India. Wa tatu ni Mswahili wa mjini, nasaba yake imechanganya watu wa pwani, Wamanyema na askari wa zamani wa Mjerumani. Wamemfuata imamu mmoja na kutoa salamu pamoja. Wakifariki wote watatu mwezi huohuo, mali zao zitagawanywa kwa sheria tatu, mbele ya mabaraza matatu yasiyojuana.

Jambo hili bado linawatatiza watu. Kwenye vikao vya familia, Moshi na Arusha, utasikia wengine wakisema mkoloni aliifuta sheria ya Kiislamu, na wengine wakisema aliiheshimu kuliko serikali zilizomfuata. Kila upande una ushahidi wake, kwa sababu jibu lilitegemea marehemu alikuwa nani. Mahakama ya mkoloni haikuanza kwa kuuliza dini ya mtu. Ilianza kwa kuuliza asili yake: Mwafrika, Mhindi au Mwarabu? Na kama ni Mwafrika, wa kabila gani? Dini ilikuja baada ya hapo, na mara nyingine haikufika kabisa. Nashikilia kwamba hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo, na kwamba walioumia zaidi ni wajane na mabinti wa Kiislamu waliozaliwa mlimani.

Wajerumani hawatatuchukua muda mrefu. Boma lao la Arusha, lililojengwa mwaka 1900 na leo ni makumbusho, lilikuwa pia mahali pa shauri. Mkuu wa wilaya alisikiliza kesi za Waafrika mwenyewe, akiwa na washauri, akaamua kwa namna aliyoona inafaa. Katika mambo ya ndoa na mirathi za Waislamu alimtegemea liwali (mwakilishi wa serikali kwa watu wa mji) au mwalimu wa dini aliyekuwa karibu. Hakukuwa na vitabu vingi vya hukumu, wala ngazi ndefu ya rufaa. Ndoto na jinamizi la sheria iliyoandikwa vilikuja na Mwingereza.

Mwaka 1920 Waingereza walitoa amri iliyounda Mahakama Kuu ya Tanganyika. Ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja kilichobeba mambo mengi: katika kila kesi inayomhusu mwenyeji, mahakama iongozwe na sheria za wenyeji, ilimradi hazipingani na haki na maadili wala na sheria zilizotungwa na serikali. Kifungu cha namna hiyo kilikuwapo karibu katika kila koloni la Kiingereza barani Afrika. Swali lililobaki lilikuwa: haki na maadili ya nani? Mwaka 1938, katika shauri lililohusu mila ya Wanyaturu ya kuchukua ng'ombe wa baba kwa kosa la mwanawe, Jaji Wilson alilijibu bila kupepesa macho. Alisema kipimo pekee ambacho mahakama ya Kiingereza katika Afrika inaweza kukitumia ni kipimo cha Kiingereza.

Sasa, sheria ya Kiislamu ilikaa wapi katika mpango huo? Kwa Mwafrika, haikupewa mlango wake. Iliingia kwa mlango wa mila. Watawala waliihesabu kuwa aina mojawapo ya sheria na desturi za wenyeji: kama watu wa mahali fulani wamezoea kuoana na kurithiana kwa Kiislamu, basi hiyo ndiyo mila yao, na mahakama itaifuata. Pwani, Bagamoyo au Tanga, mantiki hiyo haikuleta shida kubwa, kwa kuwa Uislamu ulikuwa umekaa karne nyingi na mila na dini vilikuwa vimeshonana. Mlimani Kilimanjaro mambo yalikuwa tofauti. Hapo Waislamu walikuwa wachache katikati ya ukoo usio wa Kiislamu, na mila iliyotambulika ilikuwa ya ukoo. Kwa mwanazuoni, sharia inamfuata muumini popote aendapo. Kwa hakimu wa mkoloni, sheria ilifuata kabila na mahali. Mchaga aliyesilimu alibaki, machoni pa sheria, Mchaga kwanza.

Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925 na falsafa ya kutawala kupitia watawala wa jadi, aliukaza mfumo huu. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu. Rufaa kutoka baraza la mangi, yaani mtawala wa jadi wa Wachaga, zilikwenda kwa maofisa wa utawala, kuanzia wilaya hadi jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Maana yake ni kwamba kwa miaka zaidi ya 20, ndoa na mirathi za Waislamu wengi wa Kiafrika hazikusikilizwa na jaji yeyote aliyesomea sheria, ya Kiingereza wala ya Kiislamu. Aliyeamua mwisho alikuwa ofisa yuleyule aliyesimamia kodi, barabara na utulivu wa wilaya. Ofisa wa aina hiyo alitaka amani na mangi kuliko usahihi wa fraidhi, yaani mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu.

Mijini kulikuwa na liwali. Cheo hicho kilitoka pwani, enzi za Masultani wa Zanzibar, kikatumiwa na Wajerumani, kisha na Waingereza, kikapanda bara pamoja na biashara na reli. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Watu wa mjini wasio na mangi wala ukoo wa karibu, wale tunaowaita Waswahili, walipeleka mashauri yao kwa mabaraza ya mjini, na huko sheria ya Kiislamu ilipata sikio zuri zaidi. Kwa hiyo yule mtu wa tatu katika mfano wetu alikuwa na bahati kidogo. Talaka yake, eda ya mkewe (muda wa kungoja baada ya talaka au kufiwa) na mafungu ya wanawe viliweza kuamuliwa na mtu aliyekuwa akiijua elimu hiyo au aliyekuwa na sheikh wa kumuuliza.

Fraidhi na kihamba

Turudi kwa Mchaga wetu, maana hapa ndipo penye uzito.

Tuseme ameacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, wazazi wake wametangulia. Katika fraidhi hesabu haina utata. Mke anachukua thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume fungu mbili na wa kike fungu moja. Ukiigawa mali katika sehemu 32, mke anapata 4, mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Kaka za marehemu hawapati kitu, kwa sababu mwana wa kiume amewazuia. Hata akiwa Mwislamu asiyejua kusoma, imamu wa mtaa anaweza kumfanyia hesabu hiyo kabla chai haijapoa.

Kwa mila ya mlimani, mali yenyewe ilikuwa kihamba: shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, ambalo babu alizikwa humo na mjukuu atazikwa humo. Kihamba kilipita kwa wana wa kiume. Desturi iliyozoeleka ilimpa mkubwa nafasi yake na mdogo wa mwisho nyumba ya wazazi. Binti alitarajiwa kuolewa na kwenda kula kihamba cha wenzake. Mjane alikaa, akalima, akatunzwa na wanawe, lakini hakumiliki. Kama hakuna mwana wa kiume, ukoo ulisogea.

Kati ya sehemu 18 kati ya 32 ambazo Qurani inawapa wanawake watatu wa nyumba hiyo, na sifuri ambayo mila iliwapa katika ardhi, hakuna daraja la katikati. Na mahakama ya mkoloni ilichagua mila, kwa hoja ambayo kwa mwanasheria ina mantiki. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilikuwa imetangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana. Marekebisho ya 1928 yakatambua kwamba wenyeji wanaikalia kwa mujibu wa sheria na desturi zao. Basi hoja ikawa hivi: haki ya kukaa kwenye kihamba imetokana na mila, kwa hiyo haiwezi kurithiwa ila kwa mila. Dini ya marehemu haibadilishi asili ya ardhi.

Kisha kahawa ikapandisha moto. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na kihamba kilichokuwa chakula kikawa pia fedha taslimu. Ardhi mlimani ilikuwa inabana mwaka hadi mwaka. Mali inapopanda thamani, ndipo watu wanapogundua ni sheria ipi wanaipenda. Inatubidi tuseme kweli hapa: si mkoloni peke yake aliyewanyima mabinti. Wanaume wengi Waislamu, waliofunga Ramadhani na kutoa zaka, walikuwa radhi kabisa mahakama iwahesabu Wachaga siku ya kugawa kihamba na Waislamu siku ya kuoa mke wa pili. Mkoloni aliwapa njia ya kufanya hivyo bila kuona haya mbele ya watu, kwa kuwa sasa ilikuwa ni hukumu ya baraza na wala si tamaa ya kaka. Bila hukumu hiyo, angalau sheikh angeweza kumkabili kaka huyo kwa aya za Suratun Nisaa.

Palikuwa na mlango mmoja mdogo. Sheria ya kusimamia mirathi ndogondogo, ambayo maneno yake yalirithiwa na sheria zetu za baadaye, ilisema mali ya mwenyeji igawanywe kwa mila, isipokuwa mahakama iridhike kutokana na maneno ya marehemu, ya mdomo au ya maandishi, au matendo yake, au mwenendo wa maisha yake, kwamba alikusudia mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, yote au sehemu. Wanasheria wamezoea kuviita vipimo viwili: nia ya marehemu na namna alivyoishi. Kwa jicho la kawaida inaonekana ni huruma. Kwa jicho la Mwislamu ni jambo geni sana. Fraidhi katika Uislamu si uamuzi wa marehemu. Ni amri, na hata marehemu mwenyewe hana ruhusa ya kuibadilisha. Wosia wake hauvuki theluthi moja, na kwa Masuni haumwendei mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Mahakama iliugeuza wajibu ukawa hiari, na mzigo wa kuithibitisha hiari hiyo ukaangukia mabegani mwa mjane aliyekuwa bado ndani ya eda.

Katika ndoa mambo hayakuwa makali hivyo, ingawa yalikuwa na fujo yake. Mahakama zilikubali kwa urahisi kwamba Waislamu wa Kiafrika wanaoana na kuachana kwa Kiislamu. Ugumu ulikuwa kwenye mahari. Katika fikihi mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Ni mali yake, na mumewe haigusi bila idhini yake. Katika mila za mlimani, ng'ombe, mbuzi na mbege vilikwenda kwa baba na ukoo. Familia nyingi zilitoa vyote viwili, kidogo kwa mke kwa ajili ya akdi na kikubwa kwa wakwe. Siku mke akitaka kuachika, baraza liliuliza swali la kimila: mahari yamerudishwa? Khului, ambayo kisheria ni mke kujikomboa kwa mali aliyoipokea yeye, ikachanganywa na ukoo kurudisha ng'ombe ambao mke hakuwahi kuwamiliki. Mwanamke mwenye baba mkaidi au aliyekwisha kula ng'ombe alibaki amefungwa kwenye ndoa kwa deni lisilo lake. Na njia ya faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, ambayo madhehebu ya Shafii inamfungulia mke anayekosa matunzo, ilihitaji kadhi anayeijua. Barazani kwa mangi kadhi hakuwapo.

Muhindi wa dukani na vitabu vya Kalkuta

Mmemoni wetu mwenye duka hakupita kwa mangi wala kwa liwali. Yeye alikuwa na sheria yake mahsusi, ya mwaka 1923, juu ya ndoa, talaka na mirathi za Waasia wasio Wakristo. Kwa sheria hiyo Mwislamu mwenye asili ya Asia alirithiwa kwa sheria ya dini yake, na kesi yake ilikwenda mahakama zenye mahakimu na majaji wa Kiingereza, mawakili wakiruhusiwa. Kwa maneno mengine, Uislamu wa Mhindi ulihesabiwa kuwa sheria, na Uislamu wa Mchaga aliyesimama naye safu moja ulihesabiwa kuwa tabia inayohitaji ushahidi. Watu waliuelewa vizuri uzito wa mgawanyo huo. Huko Kenya, Wasomali wa Isaaq walipigania miaka mingi wahesabiwe Waasia, na ingawa kodi na hadhi vilikuwa mbele katika madai yao, heshima ya sheria nayo ilifuatana na jina hilo.

Lakini Mhindi naye hakupewa sharia kama wanavyoifundisha masheikh. Alipewa kitu kilichopikwa India kwa muda wa miaka 150. Mwaka 1772 Warren Hastings aliamuru kwamba katika ndoa, mirathi na mambo ya dini, Waislamu wa Bengal wahukumiwe kwa sheria ya Qurani. Majaji wa Kiingereza, wasiojua Kiarabu na wasiowaamini wanazuoni waliokaa nao mahakamani, walitaka kitabu kimoja cha kushika. Wakachukua Hidaya, kitabu cha Kihanafi cha karne ya 12, na Charles Hamilton akakitoa kwa Kiingereza mwaka 1791, kwa kupitia tafsiri ya Kiajemi. Baadaye ikawa hukumu ya jaji mmoja inamfunga jaji mwingine. Fikihi ni elimu ya rai: mwanazuoni anasema, mwenzake anamjibu, mufti anaangalia hali ya muulizaji, na fatwa ya leo haimfungi kadhi wa kesho. Mahakama za Kiingereza ziliikausha elimu hiyo ikawa orodha ya kanuni zisizobadilika, kisha zikaiita sheria ya Kimuhamadi.

Kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao ni Washafii, kitabu kilichopendwa mahakamani kilikuwa Minhaj cha Imam Nawawi. Kilifikaje mezani pa jaji? Mholanzi van den Berg alikichapisha kwa Kifaransa huko Batavia miaka ya 1880, kisha E. C. Howard akakigeuza kutoka Kifaransa hicho kwenda Kiingereza mwaka 1914. Jaji alikuwa akisoma tafsiri ya tafsiri, bila maelezo ya wanazuoni waliokuja baada ya Nawawi, ambayo ndiyo kadhi wa Lamu au Unguja aliyoyasomea kwa miaka.

Kuna jambo kuhusu Wamemoni na Wakhoja linalopaswa kujulikana na kila mtu anayebishana juu ya kihamba. Mwaka 1847, Bombay, Jaji Erskine Perry aliamua kesi ambamo mabinti wa jamii hizo walidai mafungu yao ya Qurani. Upande wa pili ulisema desturi ya jamii, iliyobaki tangu walipokuwa Wahindu, haiwapi mabinti urithi. Perry alikubali desturi. Kwa hiyo hoja ileile iliyowanyima mabinti wa Kichaga ilikuwa imekwisha kuwanyima mabinti wa Bombay karibu miaka 80 kabla ya Cameron kukanyaga Dar es Salaam. Mkoloni hakuibuni kwa ajili ya Kilimanjaro. Alikuja nayo sandukuni. India ililirekebisha jambo hilo kwa Sheria ya Shariat ya 1937, iliyosema Waislamu warithiwe kwa sheria ya dini yao hata kama desturi inasema vingine. Lakini hata sheria hiyo iliacha nje ardhi ya kilimo. Ardhi tena! Kila mahali, duka na fedha vinaweza kufuata Qurani, ila shamba linataka kubaki kwa wanaume.

Kesi ya wakfu ndiyo inayoonyesha wazi zaidi jinsi majaji wa mbali walivyoweza kuamua Uislamu ni nini. Mwislamu anaweza kuifunga nyumba au shamba kuwa wakfu, mapato yawaendee watoto na vizazi vyake, na vizazi vikikatika yaende kwa masikini. Wanazuoni wa madhehebu makubwa waliuona wakfu wa kizazi kuwa ni sadaka halali, kwa kuwa kumtunza jamaa ni ibada. Mwaka 1894 Baraza la Privy huko London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, kwa kalamu ya Lord Hobhouse, lilisema hapana: kama masikini wanapata kitu baada tu ya kizazi chote kuisha, hiyo si sadaka ya kweli, ni hila ya kufunga mali ndani ya familia. Waislamu wa India walilalamika hadi ikatungwa sheria ya 1913 ya kuuhalalisha wakfu huo. Sheria hiyo ya India haikuvuka bahari, lakini hukumu ya 1894 ilivuka. Katika shauri la Bakhshuwen lililotoka Mombasa, familia ya Kiarabu, Baraza hilohilo liliamua kabla tu ya 1952 kwamba mahakama za Afrika Mashariki zinafungwa na hukumu ile ya 1894, ya kesi iliyotoka Bengal, ijapokuwa wahusika ni Washafii na wanazuoni wao wanasema vingine. Yaani rai ya majaji wa Kikristo ilihesabiwa kuwa Uislamu wenyewe, na rai ya Waislamu ikahesabiwa kuwa kosa. Zanzibar na Kenya zililazimika kutunga sheria za kuurudisha wakfu wa kizazi.

Hata nasaba ya mtoto iliguswa. Mahakama za juu za Tanganyika zilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 hadi mwaka 1967. Kifungu cha 112 kilimhesabu mtoto kuwa wa mume akizaliwa wakati wowote ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika kama mama hajaolewa tena. Kwa fikihi, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi 6 tangu ndoa hahesabiwi wa mume, na upande wa pili Washafii wanaruhusu muda wa mimba hadi miaka 4. Huyu ni mtoto mmoja ambaye kwa msikiti anaweza kuwa mrithi na kwa mahakama asiwe, au kinyume chake.

Baada ya bendera kushuka

Mwaka 1961 serikali mpya ilitunga sheria ya matumizi ya sheria mahakamani, ambayo kifungu chake cha 9, sasa cha 11, ndicho mpaka leo kinachoeleza mila itumike lini na sheria ya Kiislamu itumike lini. Mwaka 1963 mfumo wa mahakama uliunganishwa, na ulipoanza kazi mwaka 1964 mabaraza ya mangi na ya liwali yaliondoka, zikabaki mahakama za mwanzo, za wilaya na Mahakama Kuu, kwa watu wote. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa usawa, nami siupunguzi. Lakini Tanzania Bara ilibaki bila mahakama ya kadhi, wakati Kenya iliiweka kwenye katiba yake na Zanzibar iliendelea nayo, na mjadala wa kuirudisha umekuwa ukipanda na kushuka tangu hapo bila kufikia mwisho unaoridhisha pande zote.

Mwaka huohuo wa 1963 mila ziliandikwa. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeitumikia serikali ya mkoloni, alikuwa amezikusanya, na zikatangazwa kuwa kanuni kwa wilaya nyingi za watu wanaofuata ukoo wa baba. Humo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Binti amewekwa daraja la tatu katika kurithi. Mila iliyokuwa ikijadiliwa chini ya mti, ambayo mzee mwenye huruma aliweza kuilegeza, ilipata ukavu uleule ambao Hidaya ilikuwa imeupata Kalkuta.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliziweka ndoa zote chini ya paa moja na kuipa talaka ya Kiislamu utaratibu: mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na wahusika walikuwa Waislamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Mirathi, hata hivyo, haikuwahi kuunganishwa. Ile ya Waasia ya 1923 bado imo kwenye vitabu vya sheria za nchi, upande wake wa mirathi, ikiwa Sura ya 28.

Kwa hiyo Mwislamu wa mlimani akifariki leo na shauri likafika Mahakama ya Mwanzo, bado hakimu atatafuta nia ya marehemu na namna alivyoishi. Atauliza: alifunga ndoa ya Kiislamu? Watoto wana majina gani? Alizikwa vipi, nani aliongoza jeneza? Alikuwa akiswali, na aliwahi kusema mali yake igawanywe vipi? Kaka za marehemu wanaotaka kihamba watajibu kwamba alikuwa akihudhuria vikao vya ukoo na kuchinja kwa mila. Anayetaka kuwakinga mkewe na mabinti zake asiwaachie wao kazi ya kuyajibu maswali hayo. Aandike akiwa mzima, mbele ya mashahidi, kwamba mali yake yote, na kihamba kikiwa kimetajwa kwa jina na mipaka yake, igawanywe kwa fraidhi. Karatasi hiyo si wosia, kwa hiyo haibanwi na theluthi. Ni tamko la nia, na ndilo hasa sheria inaloliuliza. Nakala moja ikae msikitini, nyingine kwa mtu wa upande wa mama, asiye na fungu katika kihamba.